Lango Linalokohoa

Karatasi zilikuwa ishirini na nane, na ishirini na saba kati yake zilisema kitu kimoja. Mwalimu Aspazia Hriscu hakuona ubaya wowote hapo. Alijisikia vizuri, kama mama aliyepika chungu kikubwa akaona kila mtoto amelamba sahani yake. Alikuwa ameketi jikoni kwake, Jumatatu saa nane mchana, kalamu nyekundu mkononi, theluji inaanguka polepole nje ya dirisha, naye anasoma na kutia vema, anasoma na kutia vema. Wote waliandika kwamba lango ni ishara ya kiburi cha mkulima. Wote walihesabu tashbihi tatu na tashihisi mbili. Wote walisema kifo cha Safta ni cha ghafla. Hata koma zilikaa pale pale alipoziweka yeye.

Maana ni yeye aliyeziweka. Kila mwezi wa Novemba, kwa wiki mbili nzima, Aspazia alisimama mbele ya darasa la kumi na moja katika shule ya sekondari ya Drăguleni akawasomea uchambuzi wa riwaya ya *Lango la Obreja*, neno kwa neno, nao wakaandika. "Lango, koma, likiwa limechongwa kwa mwaloni, koma." Kisha walikwenda nyumbani wakaukariri. Mtihani ukija, waliumwaga kwenye karatasi, naye akawapa alama nane, tisa au kumi, kati ya kumi, kulingana na kiasi kilichomwagika njiani. Ndivyo alivyofundishwa yeye, ndivyo walivyofundishwa wazazi wa watoto hao, na katika Romania yote hakuna aliyeita jambo hilo kunakili. Uchambuzi wenyewe aliutoa kwenye mihadhara ya profesa wake wa chuo kikuu cha Iași, miaka ishirini na saba iliyopita. Hilo nalo hakuwahi kuliita kunakili.

Riwaya yenyewe ni fupi. Toader Obreja ni mkulima anayetaka lango refu kuliko la kasisi. Anauza fahali, anauza shamba la mizabibu, na mwisho anauza hata uzio, mpaka lango linabaki limesimama peke yake mbele ya nyumba na mtu anaweza kulizunguka kwa miguu. Katikati ya hayo yote mkewe, Safta, anafariki majira ya baridi. Watoto hupenda pale kwenye lango bila uzio, huwa wanacheka.

Karatasi ya ishirini na nane ilikuwa ya Ruxanda Tofan, msichana wa dirishani, mkimya, mtu wa alama saba kila mara. Aspazia aliishika huku mkono wa pili unatafuta kikombe cha chai. Mkono ule haukukifikia kikombe.

"Msimulizi hatuambii kwamba Safta anaumwa," Ruxanda aliandika. "Anayetuambia ni lango. Lango linakohoa mara tano, na mara zote tano aliyelifungua ni Safta. Akipita Obreja halikohoi, kwa sababu Obreja halifungui mwenyewe hata siku moja, hufunguliwa. Hii si tashihisi ya kupamba. Msimulizi amechukua kikohozi cha mwanamke akakitia kwenye bawaba, maana katika nyumba hiyo hakuna anayemsikiliza mwanamke, lakini kila mtu analisikiliza lango. Kwa hiyo Safta hakufa ghafla. Alikuwa akifa tangu sura ya pili, mbele yetu, na sisi tulikuwa tunatazama mbao."

Aspazia alisoma mara mbili. Kisha akaigeuza karatasi akatazama nyuma, kana kwamba mwandishi wa kweli angekuwa amejificha huko. Machale yakamcheza. Mtoto wa miaka kumi na saba, wa alama saba, binti wa mwoka mikate, haandiki "tulikuwa tunatazama mbao." Hapa kuna mkono wa mtu.

Akaanza kukumbuka, na kila alilolikumbuka lilimtia hatiani yule msichana. Novemba, wakati wa kuandikishwa uchambuzi, Ruxanda hakuwepo darasani. Alikuwa nyumbani wiki mbili, matubwitubwi. Karatasi yake haikuwa na sentensi hata moja ya Aspazia, hata kwa bahati mbaya. Na mtihani huu haukuwa wa kawaida: ndio uliochagua mwanafunzi mmoja wa kwenda kwenye mashindano ya fasihi ya mkoa. Atakayeshinda mkoani huenda taifani, na washindi wa taifa huingia chuo kikuu bila kufanya mtihani wala kulipia masomo ya ziada. Jina lilitakiwa kufika ofisi ya elimu Ijumaa saa sita mchana. Kwa mtoto ambaye mama yake hana fedha za mwalimu wa jioni, mlango wa namna hiyo haufunguki mara mbili. Sababu ya kudanganya ilikuwepo, tena kubwa.

Ni kweli kwamba watu ishirini na saba walikuwa wameandika maneno ya mtu mwingine, naye akawapa vema. Aliyetiliwa shaka ni yule mmoja ambaye hakufanya hivyo. Lakini jambo hilo halikumpitia Aspazia kichwani siku hiyo, na msimcheke, kwani hakuna mwalimu mjini ambaye lingempitia.

Jumanne asubuhi, kabla ya kengele, alikwenda kwenye kibanda cha magazeti kilicho karibu na stesheni ya treni, mahali panapouzwa vijitabu vya majibu. Alinunua vitatu akavizika ndani ya mkoba, chini ya karoti, maana kwa miaka mingi alikuwa akiwaambia wanafunzi kwamba vitabu hivyo ni takataka. Akavisoma akiwa amesimama nyuma ya jengo la stesheni, glavu mdomoni. Cha kwanza kilisema kifo cha ghafla. Cha pili, kifo cha ghafla kama radi. Cha tatu kilikuwa cha Mwalimu Pricop, mwenzake wa somo hilo hilo, na humo Safta alikufa ghafla katika kurasa mbili tofauti. Lango halikukohoa popote.

Baada ya vipindi akaenda maktaba ya mji. Mkutubi akamshushia kila kilichoandikwa kuhusu riwaya ile, vumbi likawatoa machozi wote wawili. Hakuna kitu. Mtu mwingine angepumua na kusema basi, mtoto kaandika mwenyewe. Aspazia alizidi kuingiwa na wasiwasi. Kutokuonekana kwa chanzo kulimthibitishia tu kwamba chanzo kimefichwa vizuri, na kwamba aliyekificha ni mjuzi wa kazi yake. Mjini Drăguleni wajuzi wa kazi hiyo walikuwa wawili: mmoja ni yeye.

Aspazia alimkuta Mwalimu Pricop chumba cha walimu, anakula mkate na mafuta ya nguruwe na kitunguu, gazeti chini kama kitambaa cha meza. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, ambaye kila mwaka alichapisha kijitabu kipya chenye jalada la rangi tofauti na maneno yale yale ndani. Aspazia hakumsalimia. Aliiweka karatasi juu ya gazeti, kando ya kitunguu, akaketi mbele yake amtazame usoni. Kichwani alikuwa ameshaipanga kesi yote: Pricop anamfundisha msichana kwa siri, msichana anaishinda shule, Pricop anasimama mbele ya mkaguzi na kusema, mnaona, darasa la Aspazia limezaa matunda yangu.

Pricop alisoma. Akaacha kutafuna. Akarudi juu, akasoma tena, midomo inacheza.

"Umempa wewe," Aspazia alisema.

"Mimi?" Pricop alifuta vidole kwenye gazeti. "Dada Aspazia, hii ingekuwa yangu ningeshaiuza."

Akasema hayo akicheka, lakini kicheko kilikata katikati. Akauliza, kwa sauti ya chini ambayo Aspazia hakuizoea kwake, kama ni kweli kwamba lango linakohoa. Aspazia akajibu kwamba hiyo si hoja. Hoja ni nani aliyemwambia. Pricop akasema yeye angeanzia hapo, kwenye kukohoa, lakini kila mtu na namna yake. Aspazia akainyakua karatasi. Alitoka na uhakika kwamba yule bwana anaficha kitu, maana siku zote Pricop hula mpaka mwisho, na leo ameacha nusu ya mkate.

Jumatano alimwita Ruxanda kwenye chumba cha ramani, mahali ambapo hakuna anayesikia. Msichana aliingia mikono nyuma. Alikuwa mwembamba, sweta lake limerefushwa mikono kwa uzi wa rangi nyingine.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nani alikuandikia?"

"Hakuna, Mwalimu."

"Umetumia kitabu gani?"

"Kile kile. *Lango la Obreja*."

"Nakuuliza kitabu cha uchambuzi."

Ruxanda alifikiri kidogo. "Sikujua kuna kingine," alisema.

Aspazia alilichukua jibu hilo kama ujeuri. Akambana: mbona hakuazima daftari la mwenzake na kunakili uchambuzi kama watu wote wanaokosa kipindi? Ruxanda akaeleza kwamba aliomba kwa jirani yake wa dawati, Profira, na Profira akasema daftari likirudi litakuwa na matubwitubwi. Basi akabaki nyumbani, taya zimemvimba, hawezi kutafuna wala kulala, na kitabu kilichokuwepo ni hicho kimoja. Akakisoma mara tatu. Mara ya tatu ndipo akaanza kuhesabu.

"Ukahesabu nini?"

"Mara ambazo lango linatoa sauti. Sikuwa na kazi nyingine, Mwalimu."

Maelezo yalikuwa mepesi mno. Aspazia alikuwa amesikia maelfu ya visingizio katika maisha yake, na alijua kimoja kizuri kinavyokaa: kina ugonjwa ndani, kina jirani mbaya, na hakina shahidi. Alimwambia Ruxanda kwamba anampa nafasi ya mwisho ya kutaja jina. Msichana alitikisa kichwa. Shingo ikamwiva, machozi yakajaa lakini hayakudondoka, na Aspazia, aliyetegemea machozi yadondoke, alikasirika zaidi.

Kipindi cha nne, mbele ya darasa zima, akafungua daftari kubwa la alama akaandika mbili, alama ya wanaokamatwa wakinakili. Akasema kwa sauti. Darasa likageuka kutazama dirishani. Mtu wa nyuma akasema, "Mwalimu, labda alinakili kwa lango," wakacheka, na Profira akacheka kuliko wote. Jina la kwenda mkoani, Aspazia akatangaza, litatajwa Ijumaa, na halitakuwa la Tofan. Ruxanda aliketi, akafungua kitabu cha kemia akakitazama kikiwa juu chini.

Alhamisi, kabla ya saa mbili asubuhi, mama yake alikuwa mlangoni mwa chumba cha walimu. Aliitwa Vetuța. Alitoka zamu moja kwa moja, unga kwenye nyusi, na mikononi alishika mkate wa kusukwa uliofungwa kitambaa, bado unatoa mvuke. Aspazia aliutazama mkate kabla ya kumtazama mtu. Ndiyo hiyo, aliwaza. Asiye na hatia haji na kifurushi.

"Mama, rudi na mkate wako," alisema.

Vetuța hakuonekana kuudhika. "Mkate ni mkate, Mwalimu. Ningetaka kukuhonga ningeleta kahawa."

Walimu wawili waliokuwa kwenye dirisha waligeuza nyuso zao kuficha kicheko, maana kila mtu alijua ni kweli, kahawa ndiyo bei. Vetuța akauweka mkate mezani. Alisema hakuja kuomba alama. Amekuja kuuliza jambo moja. Yeye aliishia darasa la nane. Baba wa mtoto yuko migodini Petroșani na hajaandika barua tangu Pasaka. Nyumbani kuna kalenda, Biblia ya bibi, na hicho kitabu, tena cha kuazima. Mwanawe tangu jana hajala, amekaa anatazama ukuta.

"Wewe umesema kuna mtu alimsaidia," alisema. "Niambie ni nani, Mwalimu, nikamshukuru. Maana mimi sijawahi kumwona mtu anamsaidia mwanangu kwa lolote."

Aspazia alifungua mdomo ajibu, akakuta hana jina la kutaja. Akasema uchunguzi unaendelea. Vetuța akaitikia kwa kichwa, akafuta unga uliomwagikia meza kwa kiganja chake, akaondoka. Mkate ulibaki pale, na asubuhi nzima hakuna mwalimu aliyethubutu kuukata.

Mchana huo Aspazia alirudi nyumbani na mpango. Kama hawezi kumpata aliyeandika, basi atayakamata maandishi yenyewe. Mtu anayebuni lazima atakosea mahali. Mara tano? Atahesabu yeye. Akikuta ni mara tatu, au nne, au akikuta Obreja kalifungua lango japo mara moja, kesi imekwisha, na yule mama ataelezwa kwa ushahidi. Alivua buti, akaenda kwenye kabati la vitabu la marehemu mumewe, akalitoa toleo lake la *Lango la Obreja*, la kabla ya vita, jalada la kijivu. Ndilo alilolibeba darasani miaka ishirini na saba. Aliliweka juu ya meza ya mwalimu kila Novemba, kando ya chaki, kama wengine wanavyoweka maua.

Alisoma sura ya kwanza akiwa na penseli. Hakuna kikohozi. Sura ya pili, Safta anatoka kwenda kisimani: "lango likakohoa mara moja, kavu." Akaweka alama pembeni. Moja. Alikuwa amesahau sentensi hiyo. Sura ya tatu, Safta na ndoo za maziwa: lango likakohoa. Mbili. Obreja anarudi na gari la fahali, kijana wa jirani anakimbia kumfungulia, lango kimya. Akasoma polepole zaidi. Alipofika ukurasa wa themanini na nane akataka kufunua, na ukurasa haukufunuka.

Vitabu vya wakati ule viliuzwa kurasa zikiwa zimeshikana ukingoni, msomaji azikate mwenyewe kwa kisu. Baba mkwe wake, aliyekinunua, alikata hadi ukurasa wa themanini na nane akachoka. Kuanzia hapo hadi mwisho hakuna kisu kilichopita. Aspazia alikigeuza kitabu ubavuni akatazama zile kurasa zilivyoshikana, nyeupe, safi, na kwa muda hakuelewa anachotazama. Kisha akaelewa. Alipokuwa chuoni aliazima nakala ya maktaba kwa siku moja, wenzake watano wanaingojea, akairukaruka. Baada ya hapo alikuwa na mihadhara. Baada ya mihadhara alikuwa na daftari. Miaka ishirini na saba alikuwa amewafundisha watu mwisho wa kitabu ambacho mwisho wake, katika nakala yake mwenyewe, haujawahi kufunguliwa.

Hakuna aliyekuwepo jikoni kumwona, lakini aliinuka akavuta pazia. Kisha akachukua kisu cha mkate akakata.

Mara ya tatu lango lilikohoa muda mrefu, "mpaka mbwa akainua kichwa." Mara ya nne ilikuwa ndani ya sentensi kuhusu bei ya mahindi, mtu anayesoma haraka asingeiona. Mara ya tano Safta alilishikilia lango kwa mikono miwili ndipo likakohoa, na Obreja akamkaripia fundi kwamba bawaba hazijapakwa mafuta. Tano. Zote Safta. Hakuna hata mara moja ambapo Obreja alilifungua mwenyewe. Aspazia aliendelea, kwa kuwa sasa hakuwa anatafuta kosa tena, ingawa hakujiambia hivyo. Na ukurasa wa mia na arobaini na moja akakuta kitu ambacho Ruxanda hakukiandika. Safta yuko kitandani. Hakuna upepo. Hakuna mtu uani. "Lango likakohoa." Obreja anasimama, anavaa buti, anatoka nje kwenye theluji kuangalia nani yuko langoni. Anasimama huko nje muda mrefu. Anaporudi, mkewe amekwisha kufa.

Kikohozi kilikuwa kimetoka ndani ya chumba, nyuma ya mgongo wake, na yeye akaenda kuangalia lango.

Aspazia aliweka kisu chini. Aliona aibu, aibu hasa. Alimkumbuka msichana na kitabu cha kemia kilicho juu chini. Alimkumbuka mama na unga kwenye nyusi. Akalia kidogo, kwa ajili ya Safta au kwa ajili ya nani, hakujua, kisha akajifuta kwa ncha ya aproni.

Ijumaa asubuhi alifanya yaliyostahili kufanywa, lakini si yote. Alifuta mbili, akaandika kumi. Mkuu wa shule alipouliza kilichotokea, alisema kalamu iliteleza. Jina la Ruxanda Tofan likapelekwa kwa simu ofisi ya elimu saa tano na nusu. Darasani hakusema neno. Alijiambia kwamba kuwakumbusha watoto jambo lile ni kumwaibisha msichana mara ya pili. Huo ulikuwa uongo wa pili wa asubuhi ile, na wa kwanza ulikuwa mdogo kuliko huo.

Alimvizia Ruxanda koridoni, penye vigingi vya makoti, kila mtu akiwa ameshatoka.

"Nilikosea," alisema. "Nimehesabu. Ziko kama ulivyosema. Utakwenda mkoani, na ukifika huko, andika unavyoona wewe. Usiandike yangu."

Akasema kwa haraka, akitazama vigingi. Alitamani kumwambia pia kuhusu ukurasa wa mia na arobaini na moja, lakini alipoinua macho akaona namna msichana anavyomtazama, akasita. Ruxanda alikuwa anamtazama mikononi, kisha usoni, kisha nyuma yake mlangoni, kama mtu anayekabidhiwa mkoba na mgeni stesheni.

"Sawa, Mwalimu," alisema, akavaa koti lake.

Mashindano yalifanyika mwishoni mwa Machi, barabara zimejaa matope ya theluji. Ilikuwa kama bahati: swali lilidai tamathali za semi na kazi yake katika riwaya yoyote ya darasa. Aspazia alisubiri nje na walimu wengine saa tatu nzima, Pricop akiwa pamoja naye, maana alikuwa amemleta mvulana wa darasa lake. Pricop alimgawia mbegu za alizeti. Hawakuzungumzia lango. Aspazia alikuwa na furaha ya ajabu, ya wasiwasi, ambayo hakuipata tangu ujana. Aliwaza wasahihishaji wa mkoa watakapofika pale kwenye bawaba, watakavyoacha kutafuna.

Saa kumi jioni wote waliitwa ukumbini. Wa kwanza mkoani: Tofan Ruxanda, Drăguleni. Makofi. Mkaguzi, mwanamke mrefu mwenye miwani ya mnyororo, akasema kwamba karatasi hii ni mfano kwa kila shule, na kwamba angependa kuisoma. Aspazia alifumba macho asikie vizuri.

"Lango, likiwa limechongwa kwa mwaloni, linasimama katikati ya riwaya kama ishara kuu ya kiburi cha mkulima."

Alifumbua macho. Mkaguzi aliendelea. Tashbihi ya kwanza, tashbihi ya pili, tashbihi ya tatu. Tashihisi mbili. Kifo cha ghafla. Kila neno lilikuwa lake, kila pumziko lilikuwa lake. Hata pale alipozoea kukohoa kidogo mbele ya darasa na kuwapa muda wa kuandika, aya mpya ilianza. Watu walianza kugeuka kumtazama na kumpungia mkono. Mwalimu mmoja asiyemjua alimnong'oneza kwamba kazi yake inaonekana. Pricop peke yake hakumpongeza. Alikuwa ameangalia sakafu, ngumi imejaa maganda ya alizeti.

Kwenye treni ya kurudi walikaa wawili, wanatazamana. Cheti kilikuwa juu ya mapaja ya Ruxanda pamoja na nakala ya karatasi yake iliyotiwa kumi kwa wino mwekundu. Aspazia alisubiri mpaka kondakta apite.

"Nilikuambia uandike unavyoona."

"Ulisema hivyo, Mwalimu."

"Kwa nini hukuandika?"

Ruxanda alikunja ncha ya cheti, akainyoosha. "Nilidhani ni mtego," alisema. "Niandike vile tena, uniulize tena nani kaniandikia. Safari hii mbele ya mkoa mzima." Akaeleza, bila kinyongo chochote sautini, kwamba Profira sasa alikubali kumwazima daftari, na wiki tatu zilitosha kulikariri lote. Mama yake alimsikiliza kila asubuhi baada ya zamu. Hakukosa hata koma.

Aspazia alitaka kumwambia haukuwa mtego. Lakini aliona kwamba mtu aliyetega angesema hivyo hivyo, kwa maneno hayo hayo, akayameza.

"Kwani nimekosea, Mwalimu?" Ruxanda aliuliza. Akampa ile karatasi, kwa mikono miwili. "Nionyeshe wapi. Taifani nirekebishe."

Aspazia aliisoma yote, kutoka juu hadi chini, kalamu mkononi, akitafuta sentensi moja tu ambayo angeweza kuipiga mstari na kusema, hii si kweli. Zilikuwepo nyingi. Zote alikuwa ameziandikisha yeye.

"Hukukosea popote," alisema, akamrudishia karatasi.

Ruxanda hakuipokea karatasi mara moja. Alibaki anamtazama mwalimu wake usoni, kwa makini, aone kama na hilo nalo lina kitu nyuma yake.